Königsberg zilikuwa tatu: babu yenu alisimulia habari za ipi?

"Shikamoo mwalimu. Ninaandika kutoka Njombe. Ukoo wetu unaandaa kijitabu cha historia yetu, kigawiwe kwenye mkutano wa ukoo mwezi Desemba. Babu mzaa baba, ambaye wakati wa vita vya Maji Maji alikuwa mtoto mkubwa anayechunga mbuzi, alisimulia mara nyingi kwamba baadaye Wajerumani walimchukua upagazi hadi Rufiji, na kwamba alikuwa miongoni mwa watu walioivuta mizinga ya manowari Königsberg baada ya Waingereza kuizamisha. Kijana wetu ametafuta kwenye intaneti akakuta kwamba Königsberg ilizamishwa na ndege kule Norway mwaka 1940. Mahali pengine amekuta ilipewa Wafaransa ikaja kukatwa chuma chakavu mwaka 1936. Tena Severn, inayotajwa kuwa ndiyo iliyoipiga Königsberg, amekuta ni meli ya miaka ya 2000 na bado inafanya kazi. Baba mdogo anasema habari hiyo itolewe kijitabuni kwa sababu babu alitunga. Shangazi amekasirika na hataki kikao. Nyumbani tunalo pia ganda la shaba la risasi ya mzinga, ambalo bibi alikuwa akilitumia kuwekea miiko ya kupikia. Tuandike nini?"

Marahaba, na kamwene kwa ukoo mzima. Kabla ya yote, mfikishieni shangazi habari hii: yote aliyoyakuta kijana wenu ni kweli, na hakuna hata moja kati ya hayo linalompinga babu. Kijana amesoma habari za manowari tatu tofauti zilizopewa jina moja kwa kufuatana, akaziunganisha kana kwamba ni meli moja. Msimlaumu, kwa maana hata watu waliosoma historia hukosea hapo, hasa wanapoifuata meli kwa jina lake bila kuuliza ilishushwa majini mwaka gani.

Königsberg ya kwanza ilishushwa majini mwaka 1905 na kuanza utumishi mwaka 1907. Ilifika Dar es Salaam mwezi Juni 1914, na tarehe 20 Septemba mwaka huo, vita vikiwa vimekwisha kuanza, iliishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus iliyokuwa imetia nanga Zanzibar ikifanyiwa matengenezo, ikaizamisha. Baada ya hapo mitambo yake yenyewe ilihitaji matengenezo, ikajificha ndani ya delta ya Rufiji, nao Waingereza wakaizibia njia ya kutokea baharini kwa miezi mingi, kwa sababu manowari zao kubwa hazikuweza kuifuata kwenye maji yenye kina kifupi. Mwisho zikaletwa Severn na Mersey, meli zenye tumbo bapa zilizojengwa kwa ajili ya mito. Zilijaribu tarehe 6 Julai 1915 zikashindwa, zikarudi tarehe 11 Julai, na ndege iliyokuwa angani, kama ilivyokuwa mara ya kwanza, ikawa inawaelekeza wapigaji mahali makombora yalipoangukia. Königsberg ikaungua, na nahodha wake, Max Looff, akaamuru izamishwe na mabaharia wake wenyewe. Kwa hiyo mkitaka usahihi kamili, Waingereza waliipiga hadi ikawa haifai, lakini Wajerumani ndio walioizamisha.

Sasa tazameni mwezi. Mnamo Desemba 1915, miezi mitano tu baada ya Rufiji, Ujerumani ilishusha majini manowari nyingine mpya na kuiita Königsberg. Hiyo ya pili haikuwahi kukanyaga Afrika Mashariki. Ilipigana katika Bahari ya Kaskazini, vita vilipokwisha ikakabidhiwa kwa Ufaransa, Wafaransa wakaibadilisha jina wakaiita Metz, na mwaka 1936 ikakatwa chuma chakavu. Ya tatu ilishushwa mwaka 1927. Tarehe 9 Aprili 1940 ilishiriki kuivamia bandari ya Bergen nchini Norway, ikajeruhiwa na mizinga ya pwani ya Wanorwe, na kesho yake ndege za jeshi la majini la Uingereza zilizoruka kutoka visiwa vya Orkney zikaizamisha ikiwa gatini. Babu yenu, kama alikuwa akichunga mbuzi mwaka 1905 au 1906, alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu mwaka 1915, umri ambao Wajerumani walikuwa wakiutafuta hasa kwa upagazi. Mwaka 1940 alikuwa mtu mzima aliyekwisha rudi kwao. Masimulizi yake yanaingia kwenye meli ya kwanza peke yake.

Swali la kwa nini jeshi lichukue jina la meli iliyoshindwa na kulipa meli nyingine kabla hata mabaki ya ile ya kwanza hayajapoa, hamkuliuliza, lakini nadhani ndilo linalomsumbua baba mdogo, maana kwa mtu asiyeijua desturi hii inaonekana kama ujanja wa mtandaoni. Desturi yenyewe hamwezi kushindwa kuielewa, kwa maana ninyi pia humpa mjukuu jina la babu. Jina hubeba heshima ya aliyetangulia, humpa mrithi deni la kufanana naye, na huonyesha kwamba ukoo haukukatika. Wajerumani walifanya hivyo kwa makusudi mazito zaidi mwaka ule. Kwa mkupuo mmoja walijenga manowari nne zinazofanana, wakaziita Königsberg, Emden, Nürnberg na Karlsruhe, na kila moja ya hizo ilichukua jina la manowari iliyokuwa imepotea katika mwaka wa kwanza wa vita, mbali na nyumbani. Majina hayo ni ya miji, na watu wa miji hiyo walijivunia meli zao. Kuliacha jina lizame lingeonekana kama kukubali kwamba adui amelifuta.

Hata hivyo mfano wa mjukuu una mahali unapoishia. Katika ukoo, babu na mjukuu wenye jina moja wanaweza kukaa ukumbi mmoja wakaitana "somo", lakini katika jeshi moja la majini meli mbili hazitakiwi kuwa na jina moja kwa wakati mmoja, kwa sababu amri inayotumwa kwa jina inaweza kufika kwa meli isiyo yake. Kwa hiyo jina hurithiwa baada ya mwenye nalo kuzama, kuuzwa au kustaafishwa, au basi mwenye nalo hupokonywa. Waingereza walikuwa na meli ya kubeba ndege za majini iliyoitwa Ark Royal, ya mwaka 1914. Mwaka 1934, walipotaka jina hilo tukufu (lilianzia kwenye meli iliyopigana na Wahispania mwaka 1588) liende kwa meli kubwa mpya ya kubeba ndege, waliipokonya ile kongwe, wakaipa jina lingine lililokuwa wazi. Jina lenyewe lilikuwa Pegasus, lilelile la manowari iliyozamishwa Zanzibar. Ark Royal mpya ilizamishwa na nyambizi mwaka 1941, nalo jina likarudi tena mara mbili baada ya hapo.

Wamarekani nao walifanya jambo hili katikati ya vita. Meli yao ya kubeba ndege Lexington ilizama tarehe 8 Mei 1942 katika vita vya Bahari ya Matumbawe. Kwenye karakana ya Quincy, ambako ndiko ilikojengwa, kulikuwa na meli nyingine inayojengwa kwa jina la Cabot. Wafanyakazi wa karakana wakaomba ibadilishwe jina, ombi likakubaliwa, na mwezi Februari 1943 Lexington nyingine ikaanza utumishi. Msomaji asiyejua hayo atakuta Lexington imezama mwaka 1942 na inapigana mwaka 1944, naye atafikia hukumu ileile aliyoifikia baba mdogo.

Wapo wanaodhani jina la meli iliyoangamia lingekwepwa kwa kuogopa kisirani. Baadhi ya mabaharia wana imani zao, lakini majeshi mengi hutenda kinyume. Manowari Sydney ya Australia ilizama tarehe 19 Novemba 1941 pamoja na watu wake wote 645, na mwaka 1948 Australia ikalitoa jina hilo kwa meli nyingine, kisha nyingine, na nyingine tena ambayo ipo sasa. Kwao msiba mkubwa ndio sababu ya kulirudisha jina.

Kuhusu Severn, hapo kijana alikaribia ukweli kabisa akaupita. Severn iliyokwenda Rufiji ilikuwa imeagizwa na Brazil kwa ajili ya mito yake, ikiitwa Solimões, na Uingereza ikainunua vita vilipoanza mwaka 1914 ikaipa jina la mto wa kwao. Mwenzake Mersey alikuwa Madeira. Baadaye kukawa na nyambizi Severn, iliyoshushwa majini mwaka 1934, na leo ipo meli ya doria Severn iliyoanza utumishi mwaka 2003. Lakini jeshi la majini la Uingereza lina utaratibu wa kurithisha heshima za vita pamoja na jina. Kila vita inayotambuliwa rasmi huandikwa kwenye ubao wa meli, na meli mpya yenye jina hilo huuchukua ubao wote wa waliotangulia, hata kama yenyewe haijawahi kupiga risasi kwa hasira. "Königsberg 1915" ni mojawapo ya heshima hizo. Ndiyo maana mtu anayesoma habari za meli ya doria ya 2003 atakutana na Rufiji ndani yake. Hakuna aliyesema uongo, ila msomaji hakuambiwa kwamba heshima zinatangulia umri wa meli.

Kuna dhana nyingine mbili ambazo zitajitokeza kwenye kikao, na ni vizuri mziandalie majibu. Ya kwanza ni kwamba pengine Königsberg iliibuliwa matopeni Rufiji, ikatengenezwa na kurudishwa Ulaya, na kwa hiyo ile ya Norway ni ileile. Haikuwa hivyo. Miaka iliyofuata wapo waliokwenda kuchukua vyuma, lakini meli yenyewe haikuelea tena. Dhana hii inatokana na Liemba ya Ziwa Tanganyika, ambayo kweli ilizamishwa na Wajerumani mwaka 1916 ikiitwa Graf von Götzen, ikaibuliwa na Waingereza, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya. Ile ni meli moja yenye majina mawili, na Königsberg ni jina moja lenye meli tatu. Dhana ya pili ni kwamba zingekuwa tatu zingeandikwa namba, kama tulivyozoea kule Kyela kuona Mbeya II. Meli za kiraia hufanya hivyo mara nyingi, lakini manowari kwa kawaida huandikwa jina tupu ubavuni, kana kwamba hapakuwa na nyingine kabla yake.

Basi mtazitofautishaje? Njia iliyo salama ni kutaja jina pamoja na mwaka wa kushushwa majini: Königsberg ya 1905, ya 1915, ya 1927. Mjihadhari, maana waandishi wengine hutumia mwaka wa kuanza utumishi, kwa hiyo ile ya kwanza mtaikuta pia kama ya 1907, na mtu mwenye haraka atadhani ni ya nne. Herufi zinazotangulia jina husaidia kidogo. SMS ilimaanisha meli ya Mtukufu Kaisari, na Kaisari aliondoka mwaka 1918, kwa hiyo meli ya 1927 haistahili herufi hizo, ingawa wapo wanaoipachika. Namba za ubavuni msizitegemee peke yake. India iliistaafisha Vikrant mwaka 1997, na mwaka 2022 ikazindua Vikrant nyingine yenye namba ileile, R11.

Picha ndiyo itakayowaumbua kama hamtakuwa waangalifu, kwa sababu nina hakika kijana amekwisha pakua moja kwa ajili ya jalada. Hesabuni mabomba ya moshi. Königsberg ya Rufiji ilikuwa na matatu, nayo mizinga yake ilikaa mmojammoja kwenye sitaha na ubavuni. Mkiona mabomba mawili, na minara mikubwa yenye mizinga mitatu mitatu, hiyo ni ile ya Norway, iondoeni. Ile ya pili nayo ilikuwa na mabomba matatu, kwa hiyo picha inayopita mtihani huo bado inahitaji maelezo yenye mwaka kabla ya kuiamini.

Niseme sasa kuhusu babu mwenyewe, na hapa sitaki kuwapa zaidi ya kilichopo. Kwamba mizinga ya manowari ilivutwa nchi kavu ni kweli kabisa. Königsberg ilikuwa na mizinga mikubwa kumi ya sentimita 10.5, nayo yote ilitolewa mtoni, ikapelekwa Dar es Salaam, ikatengenezewa magurudumu, kisha ikagawanywa katika jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku Afrika Mashariki, na kupelekwa sehemu mbalimbali za nchi, na mmojawapo upo hadi leo Fort Jesus, Mombasa. Kazi ya kuivuta ilifanywa na Waafrika kwa kamba na mabega. Anayesema kwamba habari ya mizinga ya meli porini haiingii akilini hajui vita ile ilivyokuwa. Lakini kufaa kwa masimulizi si ushahidi kwamba mtu alikuwapo. Inawezekana babu alikuwa Rufiji kweli mwezi ule wa Julai. Inawezekana pia aliuvuta mzinga mmojawapo mahali pengine, mwaka 1916 au 1917, akaambiwa na wenzake ulikotoka, na miaka ilivyopita safari mbili zikawa moja. Wapagazi wengi hawakuandikwa majina popote, kwa hiyo msitarajie kupata orodha yenye jina lake.

Ningeuliza wazee jambo moja: je, babu alisimulia meli yenyewe, yaani alivyoiona imelala, maji yalivyokuwa, mikoko, harufu, au alisimulia mizinga tu na njia? Aliyeiona hukumbuka vitu visivyo na faida kwa hadithi. Mkipata maelezo ya namna hiyo kutoka kwa watu wawili waliomsikia kwa nyakati tofauti, andikeni kwa ujasiri. Msipopata, andikeni hivi: "Babu alisimulia kwamba alichukuliwa upagazi na Wajerumani, akawa miongoni mwa walioivuta mizinga ya manowari Königsberg, iliyoshushwa majini mwaka 1905 na kuzamishwa katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915." Sentensi hiyo inamwacha babu na kauli yake, inatenganisha alichosimulia na kilichothibitika, na haimpi mtu yeyote nafasi ya kuja na Norway. Kuiondoa habari yote, kama anavyotaka baba mdogo, ni kupoteza, kwa sababu masimulizi ya wapagazi kutoka nyanda zetu ni machache sana kuliko vitabu vya maofisa waliowabebesha mizigo.

Limebaki ganda la shaba. Kwanza hakikisheni ni ganda tupu, lililo wazi juu, wala chini halina kiwashio ambacho hakijapigwa. Kama lina kichwa cha kombora, au kama kuna kingine kilichofukiwa shambani, msikisafishe, msikigonge, msikipeleke kwa fundi wala kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Toeni taarifa polisi, nao watawaita wataalamu wa jeshi. Vitu vya vita ile vinaweza kulipuka hata leo.

Likiwa tupu, ligeuzeni msome maandishi yaliyogongwa kwenye kitako, mara nyingi ni alama ya kiwanda, mwezi na mwaka. Kisha pimeni upana wa ndani wa mdomo wake, na hapa tepu ya fundi cherehani haitatosha. Mizinga ya Königsberg ilikuwa ya milimita 105, lakini mizinga ya Pegasus, ambayo Waingereza nao waliitoa majini Zanzibar wakaitumia nchi kavu, ilikuwa ya inchi nne, yaani takribani milimita 102. Tofauti ya milimita tatu inahitaji kalipa ya fundi wa mashine, na pale Makambako hamtakosa karakana yenye nayo. Pimeni pia urefu, kwa maana mwezi Machi 1916 meli Marie iliwaletea Wajerumani mizinga mingine ya nchi kavu ya sentimita 10.5 yenye mtupo mfupi, na maganda yake ni mafupi kuliko ya manowari. Mwaka uliogongwa ukiwa baada ya Julai 1915, ganda halikutoka ndani ya Königsberg siku ilipozama, lakini bado linaweza kuwa lilirushwa na mzinga wake, kwa sababu Marie ilileta pia risasi za mizinga hiyo.

Mkishapiga picha ya kitako na kuandika vipimo hivyo viwili, nendeni navyo Makumbusho ya Iringa Boma, na mkiwa na safari ya Dar es Salaam fikeni Makumbusho ya Taifa, au Nyaraka za Taifa zilizo na kumbukumbu za utawala wa Kijerumani, ambako mtahitaji mtu anayesoma Kijerumani cha mkono wa zamani. Idara ya historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inaweza kuwaelekeza. Lenyewe acheni nyumbani mpaka mtu wa makumbusho aseme anataka kuliona, na msilisugue kwa mchanga kwa ajili ya picha ya kijitabu, kwa sababu alama za kitakoni hufutika kwanza.